Watoto wa Sasa wa Akibani

Nilistaafu ualimu baada ya kufundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na mitano, na mwaka uliofuata nikapata mwaliko wa kwenda Akibani. Safari yenyewe haina la kusimulia: ilikuwa ndefu, nikachoka, nikafika. Ninachotaka kueleza ni niliyoyaona huko. Wengi niliokuwa nao wakati ule wameshatangulia mbele ya haki, na mimi mwenyewe siku hizi nikianza kusema jambo, mara nyingine nasahau nilitaka kulimalizaje.

Barua ya mwaliko iliandikwa vizuri sana. Ilisema kwamba Baraza la Wajao, ambalo ndilo linalotawala mji ule, lingependa kumsikia mwalimu mzoefu kutoka nchi ya nje, aeleze namna watoto wanavyoweza kufundishwa kuutunza mji ili udumu. Nililia kidogo nilipoisoma. Mtu ukishastaafu huitwi tena mahali pengi.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Farijala, Msajili wa Baraza. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye kalamu tatu katika mfuko wa shati na rula ndogo ya chuma ambayo aliitumia kupiga mstari chini ya kila jambo aliloliandika.

"Karibu Akibani, Mwalimu Nyamizi," alisema. "Tutembee kwa miguu, uuone mji."

Nikauona. Barabara zilikuwa zimefagiliwa, kuta zimepakwa chokaa, na kila baada ya nyumba kumi palikuwa na bustani. Bustani ya kwanza tuliyoipita ilikuwa na pembea nane, na zote nane zilikuwa zimefunikwa kwa turubai na kufungwa kamba. Mabenchi nayo yalivishwa mifuko. Miti ilikuwa ndani ya vizimba vya wavu wa chuma, kama kuku. Langoni palikuwa na kibao: IMEHIFADHIWA KWA AJILI YA WAJAO.

"Wajao ni akina nani?" nikamwuliza.

"Ni watoto ambao bado hawajazaliwa, Mwalimu. Sheria Kuu ya Akiba inasema kwamba kila kilicho kizuri mjini kitunzwe kwa ajili yao."

"Na hawa waliokwisha kuzaliwa?"

"Hao ni watoto wa sasa." Alisimama, akafikiri namna ya kunieleza asinikwaze. "Hao wameshafika, unaona. Hatuwezi tena kuwaandalia."

Kando ya uzio walisimama wasichana wawili wenye sare za shule, wameshika wavu kwa vidole, wakiziangalia zile turubai. Mlinzi aliwaambia wasiegemee, kwa kuwa wavu nao ni wa wajao. Wakaondoka bila kununa. Lile la kutonuna ndilo lililonisumbua.

Siku ya pili nilipelekwa shuleni, darasa la tano, kusikiliza somo wanaloliita Mji Udumuo. Watoto walikuwa hamsini na wawili, wamekaa wima, mikono juu ya madawati. Mwalimu wao aliuliza na wao wakajibu kwa pamoja.

"Mti ni nini?"

"Mti ni rafiki!"

"Maji ni nini?"

"Maji ni uhai!"

"Taka ni nini?"

"Taka ni adui!"

Waliendelea hivyo kwa dakika arobaini. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya chura, na chura huyo alikuwa wa rangi ya samawati. Nilimwuliza mwalimu kwa sauti ya chini. Akanijibu kwamba wino wa kiwandani ulikosewa mwaka ule picha zilipochapishwa, lakini kwa kuwa zimeshasambazwa katika shule zote, wizara iliona ni heri mtihani ufuate picha. Mtoto akiandika chura ni wa samawati anapata alama.

Nilipoambiwa nitoe nafasi ya maswali, mkono mmoja tu ulinyooshwa. Ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na mmoja, mrefu kwa umri wake, mwenye nywele zilizosukwa mistari minne. Aliitwa Zawena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe umewahi kupanda mti?"

"Nimepanda mingi sana."

"Kibali ulikipata wapi?"

Nikamwambia kwamba kwetu hakuna aliyewahi kunidai kibali. Mwalimu wao akatazama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia.

Wakati wa mapumziko Zawena alinifuata barazani. Aliniuliza kama miguu yangu ina nguvu. Nilipomwambia inayo, aliniongoza hadi nyuma ya maktaba, kwenye uzio wa mabati ambamo bati moja lilikuwa limelegea. Wenzake wanane walikuwa wameshafika. Nilijipenyeza kwa shida, gauni langu likashikwa na msumari, na nilipoinua kichwa nikajikuta mahali ambapo kwa siku mbili nilikuwa sijapaona Akibani: ardhi tupu.

Palikuwa bonde dogo, ukubwa wa viwanja viwili vya mpira, lenye matete na tope na maji kidogo katikati. Waliliita Dimbwi. Harufu yake ilinipiga puani, nami nikasimama nimefumba macho kama mtu aliyesikia sauti ya nduguye. Kitu kikaruka karibu na kiatu changu.

"Huyo ni chura," alisema Zawena. "Si wa samawati. Lakini kwenye mtihani tunaandika samawati."

Katikati ya maji palisimama ufito mrefu uliochongwa alama kwa kisu, na Zawena alikuwa na daftari lenye kurasa zilizopigwa mistari. Kila mvua iliponyesha, waliandika maji yalifika alama ya ngapi, na yalichukua siku ngapi kunywewa na ardhi. Walikuwa wameanza bila kuambiwa na mtu, na walikuwa na mwaka mmoja na miezi minne ya vipimo.

"Kwa nini mnafanya hivi?" nikauliza.

Wenzake walimwangalia yeye. Ndipo aliponisimulia, huku akichora tope kwa kidole cha mguu.

Zamani walikaa Mtaa wa Kinu, upande wa pili wa mji. Huko nako palikuwa na bonde kama hili. Baraza likalijaza zege, likajenga juu yake Ukumbi wa Heshima kwa Maji. Mvua ya kwanza baada ya pale, maji yalikosa pa kwenda yakaingia majumbani. Yeye, mama yake na mdogo wake walikaa juu ya paa tangu asubuhi mpaka jioni. Jirani yao, Bibi Mkasi, aliyekuwa akiuza vitumbua, alirudi ndani kuchukua mkaango wake. Hawakumwona tena.

"Alikuwa ananipa kile cha kwanza," alisema Zawena. "Kile cha kujaribia moto."

Hakulia. Alinionyesha ukurasa mmoja wa daftari. Mvua kubwa ya mwezi wa nne mwaka uliotangulia, maji ya mitaa mitatu yaliteremkia Dimbwini, yakafika alama ya kumi na tisa, yakanywewa kwa siku sita. Shule haikuguswa.

"Wiki ijayo Baraza linapiga kura," alisema. "Wanataka kulifunika kwa zege hili nalo."

"Wajenge nini?"

"Jumba la Elimu ya Mazingira."

Alhamisi alasiri Bwana Farijala alinipeleka kwenye desturi ya mji ambayo wao wanaipenda kuliko zote, nayo ni Saa ya Kukumbuka. Watu wazima hufunga ofisi na maduka, hukusanyika katika ukumbi wenye feni kubwa, na mmoja mmoja husimama kueleza utoto wake. Watoto hawaingii, saa ile wako darasani wakikariri.

Mtu mmoja alieleza mchezo wa kombolela, jinsi alivyojificha ndani ya pipa mpaka wenzake wakarudi makwao wakamwacha. Mwingine alieleza kujipikilisha kwa makopo, na majani ya mpapai yaliyokuwa mboga. Watu walicheka, kisha wakatoa leso. Akasimama mama mzee mwenye joho la Baraza, akiegemea mkongojo. Bwana Farijala alininong'oneza kwamba ni Bibi Sikudhani, mjumbe anayewakilisha watakaozaliwa miaka sitini ijayo.

"Mimi," alisema Bibi Sikudhani, "nilikuwa nakamata viluwiluwi kwa kopo la maziwa. Nawapeleka nyumbani, nawaficha chini ya kitanda cha nyanya. Siku moja wakaota miguu wote kwa pamoja. Nyanya akaamka, chura kwenye mto, chura kwenye kilemba..." Akashindwa kuendelea. Ukumbi mzima ulikuwa unafuta macho.

Nami nikaombwa niseme langu. Nikawaeleza bustani ya shule yangu ya kwanza, jinsi kila mtoto alivyokuwa na tuta lake na kibao chenye jina, na walivyokuja asubuhi na maji kwenye vidumu. Nikawaeleza Ntemi, ambaye hesabu zilimshinda kabisa, lakini siku moja aliniletea fungu la mchicha limefungwa kwa karatasi ya daftari. Kwenye karatasi ile alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mbaya: matuta sita, mafungu manne kila tuta, ishirini na nne. Lilikuwa jibu sahihi la kwanza alilowahi kunipa. Bibi Sikudhani alinishika mkono tukalia wote wawili, na ninakiri kwamba ilikuwa raha.

Tulipokuwa tunatoka nilimwuliza, "Bibi, hao viluwiluwi uliwakamata wapi?"

"Palepale nyuma ya shule, kwenye Dimbwi," alisema, akijipangusa pua. "Wiki ijayo tunaliwekea jumba zuri. Kutakuwa na chura mkubwa wa plastiki, ukibonyeza kitufe analia."

Nilikuwa nimelia na watu hawa kwa moyo wangu wote, na sasa niliona kwamba machozi yale yalitutosha. Tulikuwa tumeshika utoto wetu mikononi, tukaupapasa, tukaurudisha kabatini tukafunga. Mimi pia. Miaka mitano ya mwisho ya kazi yangu sikuwahi kuwatoa watoto darasani hata mara moja, kwa sababu ya mitihani, na sikumwambia mtu hilo ukumbini.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Bwana Farijala nikamwomba watoto tisa wa darasa la tano waseme mbele ya Baraza badala yangu.

"Haiwezekani, Mwalimu." Alifungua sheria, akaweka rula chini ya mstari. "Anayesema kwa niaba ya wajao awe ametimiza miaka arobaini."

"Hawataki kusema kwa niaba ya wajao. Wanataka kusema kwa niaba yao wenyewe."

"Nafasi hiyo haipo kabisa."

"Basi wanisindikize tu."

"Mgeni wa Baraza haruhusiwi kusindikizwa." Akageuza ukurasa. "Anaruhusiwa kuwa na maji ya kunywa, miwani, na vifaa vya kufundishia."

Alisoma mstari ule tena, midomo ikicheza, akapeleka rula yake mpaka mwisho wa ukurasa na kurudi.

"Sheria haikueleza vifaa viwe vya namna gani," alisema polepole.

Alichukua fomu, akachagua kalamu moja kati ya zile tatu, akaandika: *Vifaa vya kufundishia. Idadi: tisa. Hali: nzuri.* Akapiga mstari chini yake, akagonga muhuri, akanikabidhi bila kunitazama.

"Mimi nilikulia Mtaa wa Kinu," alisema. "Siku njema, Mwalimu."

Siku ya Baraza anga lilikuwa limekunja uso kwa mawingu tangu asubuhi. Wajumbe walikuwa kumi na tisa, wote wenye mvi na majoho, kila mmoja ameketi nyuma ya kibao chenye kizazi chake: watakaozaliwa mwaka ujao, watakaozaliwa miaka kumi ijayo, na kuendelea. Mwenyekiti aliitwa Bwana Tindwa. Alikuwa mtu wa adabu, na ninaamini mpaka leo kwamba aliupenda mji wake.

Nilisimama nikasema maneno machache. Nilisema kwamba nimefundisha miaka mingi, na kwamba mtoto hufundishika vizuri zaidi pale kazi yake inapokuwa ya kweli na kuna anayeisubiri. Kisha nikasema, "Sasa nitatumia vifaa vyangu," nikakaa.

Zawena akasogea mbele na daftari. Wenzake walibeba beseni la udongo wenye nyasi, kigae kikubwa cha sakafu, na jagi la maji.

"Waheshimiwa, shikamooni."

Mwenyekiti aligonga meza. "Bwana Msajili! Kifaa kinasema!"

Bwana Farijala alisimama na kitabu chake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, orodha ya vifaa vya kufundishia ya wizara, namba kumi na saba, ni redio. Redio husema."

Wajumbe walishauriana. Ikaonekana kwamba redio kweli husema. Zawena akaruhusiwa kuendelea kwa sauti ya kiasi.

Alikilaza kigae juu ya meza ya wajumbe, akamwaga nusu ya jagi juu yake. Maji yakakimbia pande zote, yakashuka mezani, yakalowesha karatasi za mjumbe wa watakaozaliwa miaka ishirini ijayo. Nusu nyingine akaimwaga kwenye beseni. Yakakaa, yakazama. Kisha akafungua daftari akasoma vipimo, mvua baada ya mvua, tarehe na alama, bila pambo lolote. Alisoma na vya Mtaa wa Kinu, ambavyo vilikuwa kimoja tu: maji yalifika dirishani.

Mjumbe mmoja alinyoosha mkono. "Mtoto mzuri, lakini wajao wanahitaji jumba la kujifunzia mazingira. Wajao wanalitaka jumba hili."

"Mzee wangu," aliuliza Zawena, "umezungumza nao lini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua, na alikuwa na kalamu tayari aandike tarehe. Yule mjumbe alikitazama kibao cha kizazi chake.

Bibi Sikudhani ndiye aliyefuata kuuliza. "Huo ufito wenu uko sehemu gani ya Dimbwi? Karibu na lile jiwe lenye pembe?"

"Hatua tatu kutoka kwenye jiwe, Bibi."

"Kwa hiyo jiwe lingalipo."

"Lipo. Tunalikalia."

Bibi Sikudhani akainuka kwa mkongojo wake. "Naomba Baraza liahirishwe likaone mahali panapozungumziwa. Nimekaa humu miaka ishirini na mbili. Tumepitisha mabonde manne yafunikwe kwa zege, na hatujawahi kukanyaga hata moja."

Mwenyekiti alisema ni kinyume cha desturi. Bwana Farijala alitafuta sana kwenye kitabu, akasema kwamba hakuna sheria inayolikataza Baraza kutembea.

Mvua ilianza tulipofika uwanja wa shule, ikawa kubwa tulipofika kwenye mabati. Bwana Farijala alilishika lile bati kwa mikono miwili akalivuta mpaka likang'oka. Wajumbe wakapita na majoho yao, wakasimama juu ya ukingo wa zege wa nyuma ya maktaba. Wakaona. Maji ya Mtaa wa Washonaji yalikuja kutoka kulia yakiwa ya rangi ya chai, ya Mtaa wa Shule kutoka kushoto, ya sokoni kutoka mbele, yote yakishindana kuteremka, na bonde lile likiyapokea bila kelele. Mtoto mmoja aliingia mpaka magotini akapaza sauti: "Kumi na moja! Kumi na mbili!" Zawena alikuwa ameficha daftari chini ya sare yake, akilichungulia na kuandika kwa kulifunika na mwili.

"Tupige kura," alisema Mwenyekiti. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. "Karatasi zimelowa. Wanaotaka jumba wabaki walipo. Wasiotaka washuke chini."

Hakuna aliyesogea. Chini palikuwa tope, na majoho yale yalikuwa ya hariri.

Bibi Sikudhani alimpa jirani yake mkongojo, akainama akavua viatu. Alichukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akaketi kwenye ukingo kama mtoto na kujiteremsha. Alipozama mpaka kwenye vifundo alitoa sauti ndogo, nusu kicheko. Zawena alikimbia akampa bega.

Baada yake alishuka yule mzee aliyeulizwa alizungumza nao lini. Kisha wawili kwa pamoja wakishikana mikono. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Saba. Wanane. Mmoja alishuka, akateleza akaketi kwenye tope, akabaki ameketi palepale akicheka. Wa kumi alikuwa yule aliyetusimulia ukumbini jinsi alivyojificha kwenye pipa; kumbe naye alikuwa mjumbe. Kisha pakatulia kwa muda niliouona mrefu mno, mpaka mjumbe wa watakaozaliwa mwaka ujao, mama mnene aliyekuwa kimya siku nzima, alipokunja joho lake kiunoni kwa fundo kama mtu anayekwenda kupalilia, akashuka.

Kumi na mmoja chini, wanane juu. Bwana Farijala aliandika kwa penseli, maana kalamu zote tatu ziligoma.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilisema nitaeleza niliyoyaona. Siku mbili baadaye nilikuta mafundi Dimbwini wakisimika nguzo za uzio mpya, mrefu kuliko ule wa mabati. Kibao kilikuwa kimelazwa chini kikisubiri: LIMEHIFADHIWA KWA AJILI YA WAJAO. Baraza lilikuwa limeokoa bonde, na baada ya kuliokoa halikujua namna nyingine ya kulipenda. Watoto tisa walisimama nje ya nguzo wakiwa na daftari lao. Hata hawa hawakununa, isipokuwa Zawena. Yeye alikuwa amefura, na machozi yanamtoka kwa hasira, na nilishukuru kuyaona.

Bibi Sikudhani alikuja kwa mwendo wake wa polepole, na Bwana Farijala nyuma yake.

"Kibao hiki nani alikiandika?" aliuliza.

"Ni maneno ya sheria, Bibi," alisema Bwana Farijala.

"Wajao maana yake nini?"

"Ni wale wanaokuja."

"Sheria inasema wanakuja kutoka wapi?"

Alifungua kitabu palepale. "Haisemi."

Bibi Sikudhani akamgeukia Zawena. "Mwanangu, nendeni mpaka kwenye mlango wa maktaba. Kisha mje."

Watoto wakaenda, wakageuka, wakaja. Kwanza kwa kutembea, halafu mmoja akaanza kukimbia na wote wakakimbia. Bwana Farijala aliwatazama mpaka walipofika. Kisha akamwambia fundi aache nafasi ya lango, na lango lisiwe na kufuli.

Niliondoka Akibani wiki ile ile. Jumba la Elimu ya Mazingira lilijengwa, baadaye niliambiwa, mahali pa kuegesha magari ya Baraza, na Bwana Tindwa ndiye aliyelifungua. Pembea bado zimefunikwa katika bustani nyingi. Mabonde mawili zaidi yalifunikwa kwa zege kabla watoto hawajayafikia.

Haya nayajua kwa sababu miaka minne baadaye nilipata barua ya Zawena. Bibi Sikudhani alikuwa amefariki. Darasa la tano sasa husoma Mji Udumuo likiwa nje, siku mbili kwa wiki, na chura wa ukutani amepakwa rangi upya na watoto wenyewe. Mtaa wa Washonaji haujafurika. Yeye na wenzake, ambao sasa wako sekondari, wanataka kuotesha miche na kuipanda kando ya kila barabara inayoteremka Dimbwini, lakini hapakuwa na mtu Akibani aliyewahi kuotesha mche kwa mikono yake. Barua ilimalizika kwa maswali kumi na manne yenye namba. Udongo wa kujaza viriba vya miche unachanganywaje? Mbegu ngumu zinalowekwa siku ngapi? Mboji inageuzwa mara ngapi, na mtu anajuaje imeiva?

Niliketi mezani asubuhi ile ile kumjibu. Nilianza kwa udongo, nikaendelea na kivuli, na kumwagilia, na makosa ambayo watoto wote huyafanya wiki ya kwanza. Nilijaza kurasa tisa. Na nilipofika kwenye mboji niligundua kwamba kiti kilikuwa kitupu nyuma yangu, nimesimama, mkono mmoja hewani, ninasema kwa sauti kama niko mbele ya darasa.